Mu Vitabu Vyao Koko Anakufaka wa Kwanza

Ilikuwa ule mwaka tulikula ndizi. Asubuhi ndizi, saa sita ndizi, mangaribi ndizi tena, juu mihogo ilioza mu mashamba na maharagi ya milimani haikuteremuka. Lori za Marabo zilikuwa zinaleta mikungu mibichi peke yake, na siye watu wa Saio, hapa Bunia, tuliipika na chumvi, tuliipika na mafuta mekundu ya ngazi, tuliichoma, tuliitwanga, tukaishia kuitukana. Ukiuliza mutu wa masomo ule ulikuwa mwaka gani, atakuambia namba. Miye sishikake namba. Ninashikaka chungu.

Njo mwaka ule nilianza kusikiliza vitabu vya mizimu.

Mujukuu wangu alikuwa anakaa kwangu. Wazazi wake wako Marabo, wanalima na kuuza, na yeye alikuja mujini juu ya masomo yake ya ordinateri, hizi kompyuta. Alikuwa na miaka makumi mbili na moja, mikono laini, na hakutaka kumenya ndizi. Unajua utomvu wa ndizi: unashika mu vidole unakuwa mweusi, unanawa na sabuni, unanawa na majivu, hautoke. Akasema, "Koko, nikimenya, nitachafua telefone yangu." Nikamuambia, "Na miye bibi yako nikimenya peke yangu, nitasinzia nijikate." Tukapatana. Miye ninamenya, yeye anasoma kwa sauti kile anasomaka mu ile telefone siku yote. Vitabu vilikuwa vya Kifaransa. Alikuwa anageuza mu Kiswahili papo hapo, sawa vile watafsiri wa kanisa wanafanyaka wakati muhubiri wa mbali amekuja.

Masomo yangu miye iliishia mwaka wa pili wa primeri. Baba alinitoa juu ya ndama, maana ndama hazijichungake. Ninasoma Biblia polepole, kidole chini ya neno, na jina langu ninaliandika bila kuomba musaada. Kifaransa ninaisikia wakati mutu ananitukana nayo. Haya maneno nimeyaandika miye mwenyewe mu kaye, daftari ya shule, mujukuu amenyoosha tu herufi zilizoanguka. Basi mutu asiseme koko huyu anazungumuza mambo ya watu wa chuo. Ninazungumuza kile nilisikia na masikio yangu mawili.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha binti mumoja aliyerisi nyumba kubwa mahali pa baridi. Mu ile nyumba kulikuwa kioo, na mu kioo kulikuwa askari aliyekufa zamani. Binti akamupenda yule askari. Walikuwa wanaweka mikono kwenye kioo, mumoja huku, mwingine kule, na hiyo ilichukua mukungu muzima wa ndizi. Mujukuu alikuwa anasoma na sauti ya kutetemeka.

Nikauliza, "Huyu askari anakulaka nini?"

"Hakulake, koko. Ni marehemu."

"Basi binti anamutafutia nini?"

"Mapendo."

"Mume asiyekula, utajuaje kama amekasirika? Mume akikasirika anasukumaka sahani. Huyu atasukuma nini?"

Alicheka mpaka telefone ikaanguka. Lakini sikuwa ninachekesha. Nimekaa mu ndoa miaka makumi ine na kitu. Bwana yangu akikasirika alikuwa anaacha bugali, anakula majani ya sombe peke yake. Hakuniandikia barua hata moja mu maisha yake. Ile bugali iliyobaki ndiyo ilikuwa barua, na nilikuwa ninaisoma muzuri kuliko Biblia. Mapendo bila sahani ni picha ya ukutani. Unaipanguza vumbi, basi.

Tukaendelea, kitabu juu ya kitabu. Wafu wanatembea mu ngazi, wafu wanazima taa, wafu wanapiga kinanda. Nikauliza kwa nini hawalale. Mujukuu akasema ni juu wameacha jambo bila kulimaliza. Nikamuambia arudie pale walizikwa. Akarudia. Walizikwa saa ine asubuhi, saa kumi kila mutu alikuwa kwake, na kesho yake mutoto wa marehemu alikuwa kazini, amevaa tai.

"Angalia," nikamuambia. "Hakuna aliyelala chini kwa mukeka. Hakuna sufuria kubwa. Hakuna hata mashemeji wa kugombania kiti. Mutu wao amekufa na hawakumukalia matanga hata siku mbili. Hata miye ningerudi. Ningerudi kuuliza wote wamekwenda wapi."

"Koko, kwao njo desturi."

"Njo maana nyumba zao zinapiga kelele."

Hiyo ni mawazo yangu ya kwanza juu ya vile vitabu, na sijaibadilisha: karibu vyote vingeisha mu ukurasa wa kumi kama kungekuwa matanga ya kweli. Siku arobaini, watu wanapika, wanalia, wanatukanana, wanasameheana, wanafagia kiwanja. Marehemu anaona kazi imefanywa, anakwenda. Mwandishi anabaki bila kitu ya kuuza.

Mama mumoja wa kwaya alikuja kuniambia vitabu vile vinafungulia shetani mulango. Nilimuheshimu, nikamupa kiti. Kisha nikamuambia siye watu wa hapa tunajua kile kilifunguaka milango yetu, na hakikuwa na meno marefu, wala hakikupita mu kioo. Kilikuwa na buti. Mutu aliyekimbia na sufuria kichwani na mutoto mugongoni, utamutisha na askari wa kioo? Yule wa kioo anabisha hodi, anangojea apendwe. Aje anywe chai. Yule mama akakunywa chai yake mwenyewe, akaenda, na juma iliyofuata alirudi kuuliza kama binti alitoka mu ile nyumba.

Na nisiwe mubaya, iko kitu kimoja wale waandishi wanajua muzuri kuliko wahubiri wengi. Wanajua mutu akikufa hajaisha. Anakaa karibu, iko na haya yake, iko na hasira yake, anataka kuongelewa na adabu. Hapo tunasikilizana nao kabisa. Wanakosea tu matanga, na chakula.

Kisha mujukuu akaniingiza mu michezo.

Nilizania muchezo wa ordinateri ni mupira, ao watu wanapigana risasi. Kumbe iko ingine, ni hadisi nzima, na weye unatembea ndani yake. Akanipanguza mikono, akanipa kile kifaa cha kushika, wanakiita maneti. Mbele yangu kulikuwa mwanamuke mu koti la mvua, anatafuta kaka yake mu kisiwa kimoja. Nikisukuma kidole, anatembea. Nikiacha, anasimama ananingojea. Kitabu haikufanyiake hivyo. Nilisikia furaha, sitaficha.

Lakini yule mwanamuke hakuwa na malezi. Anaingia mu nyumba ya watu bila hodi. Anafungua kabati. Anasoma barua za wengine, anachukua kisu, anatoka. Nikaweka sheria: kila mulango, mujukuu aseme hodi kwa sauti badala yake, na kama hakuna aliyejibu, tunangojea kidogo.

"Koko, hivi tutafika lini?"

"Tutafika na heshima."

Siku moja tukafika kwa muzee wa kivuko. Muzee amekaa na mashua yake, anatuuliza, "Unatoka wapi, na unataka nini?" Chini pakaandikwa majibu mane. Mujukuu akayageuza haraka haraka: la kwanza la kusema ukweli, la pili la kudanganya, la tatu la kumutisha, la ine la kumubembeleza. Nikamuambia, "Na ya kumusalimia iko wapi?"

"Haiko, koko. Chagua, wakati unaisha." Kweli kulikuwa kamustari kanafupika.

"Nitajibu namna gani mutu mukubwa mbele sijamuuliza usiku uliendaje? Hata sijui kama iko na wake, kama iko na ngombe. Muzee ameuliza, ninapaswa kunyamaza kwanza, nionyeshe nimesikia."

Kamustari kakaisha. Mu ordinateri pakaandikwa kwamba mwanamuke amekataa kujibu, na kwamba muzee hatasahau. Mujukuu akalala kwa mukeka, anacheka, anapiga miguu chini. Na kweli muzee hakusahau. Kiisha siku tatu, wakati maji ilipanda, alitunyima mashua, tukapita mulimani, na kule mwenzetu mumoja, mutu tuliyemupata mu njia, akavunjika muguu.

Mujukuu akataka kurudi nyuma, kuanza upya pale kwa muzee. Wanaweza, unajua. Unabonyeza, na kosa lako linafutika kabisa. Nikamushika mukono.

"Wacha. Tuendelee na kosa letu."

"Lakini tunaweza kumuponyesha ule muguu."

"Ule muguu nimeuvunja miye. Nitaubeba."

Tukaendelea mpaka mwisho na yule mutu mwenye kuchechemea, na alikuwa rafiki muzuri kuliko wote. Hapa njo ninasema mbele ya kila mutu: muchezo wenye hadisi unapita kitabu. Kitabu kinakuonyesha mutu anakosa, na weye umekaa unamuhukumu, mikono safi. Muchezo unakukosesha weye mwenyewe. Lakini ukirudi nyuma kufuta, umecheza na kivuli. Mambo ya kufutika haiweze kukufundisha kitu.

Kufika mwisho wa ule mwaka, nilikuwa nimepitia vitabu tisa na michezo mine, na jambo moja lilikuwa linanikwaruza. Nikamuambia mujukuu aweke telefone chini.

"Ile ya kioo, ile nyumba binti aliirisi kwa nani?"

"Kwa koko yake."

"Aliyekufa ukurasa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Na ile ya wachawi wa mutoni?"

Akaanza kutabasamu. "Koko yake alikufa mwanzoni."

"Na huyu wa koti la mvua, nani alimupa ule ufunguo?"

"Koko yake, kabla ya kukufa."

"Mu vitabu vyenu wanauwaka koko wa kwanza. Kwa nini? Tumewafanyia nini?"

Akanielezea. Alisema binti akiwa na koko, iko salama, na mutu aliye salama hatoke nyumbani, na hadisi haianze. Njo maana koko lazima akufe, ampe ufunguo, amuambie nusu ya siri, akate roho.

Nusu ya siri! Hapo nilipiga goti langu. Koko gani anakufaka na nusu ya siri? Koko wa kweli ile siri amekwisha kuisema mara makumi ine, watoto wanakimbia wakiona anafungua kinywa. Na mutoto hatokake nyumbani juu koko amekufa. Anatoka juu koko amemutuma chumvi. Nimetuma watoto wangu saba na wajukuu sijui wangapi, na wote walikutana na mambo mu njia, na waliporudi nilikuwa hapa, ninauliza chumvi iko wapi.

Mujukuu aliandika ile mu telefone yake. Nikazania ananiheshimu. Kumbe iko na kazi.

Yeye na rafiki yake, binti mumoja wa Goma, walikuwa wanatengeneza muchezo wao. Hadisi ya msichana wa muji mumoja wa vilima, sawa huu wetu, anayeona wafu wakija kununua mu soko wakati wa ukungu. Nilipenda. Kituo kimoja kule Goma kilikuwa kitachagua watu wachache, kiwafundishe kutengeneza michezo mwaka muzima, na mashine nzuri na mwalimu. Walipaswa kutuma sehemu ya kwanza mbele siku ya posho, ile Jumamosi, haijaisha. Mujukuu hakuwa analala muzuri juu ya ile nafasi. Hapa Bunia alikuwa amejifunza yote waliweza kumufundisha, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kuandikia watu barua kwenye duka la fotokopi. Nafasi ile ilikuwa mulango wake. Ninaisema wazi, ili mutu asizanie sikuelewa.

Akakuja siku ya tatu ya ile juma, akapiga goti. "Koko, tunakuomba sauti yako."

Kiburi ikanishika. Nani mwengine mu Saio waliomba sauti yake iingie mu mashine? Nikakubali mbele ya kusikia ni nini. Nikaenda hata kuambia jirani yangu, mujane mwenzangu wa upande wa pili wa ua wa lupango, kwamba Goma wananitaka. Alifinya midomo.

Alasiri ile tukaanza. Mujukuu akafunga madirisha juu ya kelele ya mapikipiki, akanilaza kwa mukeka, akaweka telefone karibu na kinywa changu. Akanisomea maneno. Nilikuwa koko wa yule msichana. Nilikuwa ninakufa. Kwanza nachukua maji mu kinywa, namupulizia mu kifua na mu mikono, kisha nasema maneno ya kumubariki, na kwa ile baraka anaanza kuona wafu.

Aliandika muzuri kabisa. Njo ilikuwa tabu. Kama ingekuwa imeandikwa mubaya, sawa wale wa nusu ya siri, ningeifanya nikicheka, nikaenda kumalizia ndizi. Lakini ilikuwa maneno ya kweli, yale mutu mukubwa kwetu anasemaka na maji mu kinywa siku anaaga. Nilichukua maji. Ilikuwa baridi. Mujukuu alikuwa amepiga goti mbele yangu, mikono wazi, anangojea, na uso wake haukuwa uso wa kuchezea.

Nilimeza ile maji.

Nikakaa, nikafunga kitambaa changu. Nikamuambia, "Miye sikufi ya kuchezea. Siku yangu ikifika, nitakufa mara moja tu, na mutanilia muzuri."

"Koko, ni sauti tu."

"Nimesema."

Hakubishana. Alichukua telefone, akatoka. Siku ile hakula ndizi zangu.

Kesho yake alikwenda kwa jirani. Ule mujane kwao baraka ni neno tu, wanapeana asubuhi na mangaribi sawa salamu, basi alikubali na furaha mingi. Nilikuwa nyuma ya lupango ninaanika nguo, nilisikia yote. Alikufa mara tatu. Mara ya kwanza alikohoa mpaka kuku wakakimbia. Mara ya pili aliongeza majina ya watoto wake wote, na akamulaani muke wa mwana wake. Mara ya tatu, kiisha kukata roho, aliuliza, "Nilikufa muzuri? Ao nirudilie?" Akaomba fanta.

Mujukuu alituma kwa rafiki yake. Siku ya tano ya ile juma rafiki akapiga simu, akamuambia aweke sauti juu ili na miye nisikie.

"Jambo koko. Yule mama anakufa sawa anauza samaki. Tunakuomba weye."

"Jambo binti yangu. Muache koko wenu aishi. Amufuate yule msichana mu njia, na fimbo, anamugombeza."

"Koko akiishi, msichana ataogopa nini?"

"Ataogopa koko."

Akacheka, lakini alikuwa amechoka. "Kila hadisi ya namna hii iko na sheria yake, koko."

"Sheria aliiweka nani? Mutu ambaye koko yake iko mbali mu nyumba ya wazee, anamutembelea Noeli. Huyo kumuuwa koko ni rahisi, ilikuwa imebaki kidogo tu."

Mujukuu akafunga telefone. Aliangalia chini, akasema polepole, "Koko, nafasi yangu itaenda. Niambie basi ni juu ya nini. Usinikatalie sawa mutoto mudogo."

Alikuwa na haki. Nikamuambia, kitu ambacho sikuambia hata mama yake.

Mama yangu miye aligonjwa mbele mujukuu huyu hajazaliwa. Alikwisha kabisa, tunamugeuza na shuka. Akatuita wote, akachukua maji mu kinywa, akatupulizia mumoja mumoja, akasema kwa kila mutu maneno yake. Yangu ilipofika, nilikuwa ninaangalia dada yangu, juu alikuwa amelia na kuanguka, na nilikuwa ninawaza nani atamubeba. Nilishika nusu. Nikajiambia nusu inatosha, mama anakufa, si wakati wa kumuuliza arudie. Kisha mama akapona. Akaishi mavuno ine tena, akatwanga, akagombana, akaolesha watu. Na siku ile ya kweli ilipofika, nilitoka shambani mbio, na udongo mu miguu, nikapiga goti, nikafungua mikono. Akaniangalia muzuri, alikuwa ananijua. Akasema, "Yako nilikwisha kukupa." Akageukia ukuta.

Hakukosea. Baraka ya maji inatoka mara moja. Alinipa, miye njo sikusikiliza. Tangu siku ile ninatembea na nusu.

"Kwa hiyo," nikamuambia mujukuu, "yako iko humu." Nikaonyesha kifua. "Sitaitoa juu ya telefone, kisha siku ile nikuangalie nikukute mikono wazi. Na usiniambie ni muchezo. Nilipoona uso wako pale chini, haikuwa muchezo, na weye unajua."

Mujukuu akavuta beseni, akachukua kisu, akaanza kumenya, na utomvu ukamushika mu vidole, na hakusema kitu juu ya telefone.

Siku ya posho asubuhi walibadilisha mwanzo wote. Msichana anatumwa chumvi. Koko anasimama mu mulango, anapiga kelele nyuma yake, na ile kelele niliirekodi mara moja, bila kusomewa, juu ile ninaijua. Wakatuma. Niliona mu uso wake kwamba alizania wameharibu.

Nasema mwisho sasa, sipendi kuvutavuta watu: ile nafasi hawakuipata. Walipewa wengine. Mujukuu bado anaandikia watu barua kwa fotokopi asubuhi, na alasiri anatengeneza muchezo hapa kwangu, na koko wa ndani yake iko muzima, amefika kilima cha tatu, anasumbua wafu juu ya bei ya chumvi. Mutu akitaka kunihurumia, ao kumuhurumia yeye, abebe huruma yake aende nayo. Inaniuma, ndiyo. Vitu vingi vinaniuma na bado niko na haki.

Lakini walikuwa karibu kuipata. Juma mbili kiisha kutuma, mama mumoja wa kile kituo alipiga simu. Sauti nzuri, Kiswahili cha kupigwa pasi. Alisema wamependa, wamependa sana, hasa sauti ya bibi. Walikuwa na nafasi moja imebaki. Walitaka jambo dogo tu: bibi akufe mwanzoni, watu wapate sababu ya kulia, na asome mwenyewe, juu hakuna sauti ingine itafaa. Kama wanakubali, wajibu leo.

Ningemuelewa mujukuu kama angenigeukia na macho yale ya siku ya tano. Nikamuachia, nafasi ilikuwa yake, si yangu. Akaangalia vidole vyake, vilikuwa vyeusi bado. Kisha akaniwekea telefone mukononi.

"Waambie weye mwenyewe, koko. Vile uliniambia."

Yule mama akasema, "Jambo bibi. Sasa unasemaje?"

Nikamuambia, "Miye sikufi ya kuchezea. Siku yangu ikifika, nitakufa mara moja tu, na mutanilia muzuri."